Tuta la Chikoria

Tosamaganga, Iringa
Jumatano, 11 Juni

Dada yangu Yudith,

Kamwene, dada. Pokea salamu zangu nyingi, uzipokee hata kama mkono wako unasita. Habari za Uyole? Habari za kifua chako, ambacho kila ukifika mwezi wa sita huanza kukusumbua? Shemeji Gwakisa hajambo? Na Happy, anaendeleaje na shule? Naambiwa amekupita kwa urefu, jambo ambalo halihitaji juhudi kubwa. Sisi huku tunaamka. Wifi yako Lea anakusalimia sana. Baridi ya mwaka huu haina adabu, umande unaganda juu ya mboga na mtu hawezi kushika jani kabla jua halijapanda.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ujumbe wa simu nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana jambo lenyewe haliingii kwenye kile kidirisha kidogo. Barua hii nimempa Idrisa, yule mfanyabiashara wa mboga wa mjini Iringa anayenunua mazao ya bustani yetu. Ijumaa anapeleka mzigo Mbeya, na ameniahidi kwamba ataiweka mkononi mwako mwenyewe, wala hatampa mtu mwingine. Nakuomba usiichane kabla ya kufika mwisho. Ukishafika, fanya utakavyo.

Wiki iliyopita shemeji Gwakisa alinipigia. Unamjua alivyo, mtu ambaye hata kwenye msiba wa baba alituchekesha mpaka tukaona aibu mbele ya katekista. Safari hii hakucheka hata kidogo. Aliniambia umeacha kazi kwenye duka la dawa tangu Pasaka, kwamba mteja akikupa cheti cha daktari mikono inakutetemeka na unamrudishia. Alisema kila asubuhi unamuuliza kama vidonge ulivyomtumia mama vilikuwa vikali mno. Kisha akaniuliza, kwa upole wake ule wa Kinyakyusa, mama alikula nini siku zile za mwisho. Nilimjibu kuwa alikula vya kawaida. Nikakata simu nikisingizia chaji.

 Nimeona bora niandike. Lakini nivumilie nianzie mbali, kwa sababu nikianzia karibu nitakimbia. Mengi ya mwanzo unayajua kuliko mimi. Yaandikwe tu, ili Happy akiuliza siku moja bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, iwepo karatasi.

Babu Edmund, baba yake mama, aliingia kufanya kazi kwenye bustani ya jikoni ya mapadre akiwa bado hana ndevu. Alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza alipomwona padre mzima, mzee wa watu, amekaa mezani anakula majani mabichi kama mbuzi, alikimbia jikoni kumwambia mpishi kuwa Padre amechanganyikiwa. Mpishi alimcheka, akampa sahani aonje. Mwaka haukuisha, naye Babu akawa mbuzi. Mbegu zilikuja kutoka Italia ndani ya bahasha za barua, zimetumwa na mama zao na dada zao wale mapadre: saladi ya majani laini, rozimari, mrehani wa majani mapana, na ile chikoria, chungu kuliko zote. Nyingine zilikufa na baridi yetu. Chikoria iliukubali udongo wa hapa kana kwamba ilizaliwa hapa. Babu aliipenda kwa sababu ilimkumbusha mchunga, ule unaojiotea wenyewe pembezoni mwa shamba, ambao bibi zetu waliula tangu zamani bila kuletewa na mtu. Alikuwa akisema kumbe wazungu nao wana mchunga wao, ila wa kwao wameutengenezea matuta.

Mama alipoolewa huku kwa baba alikuja na vitenge viwili, kuku mmoja na kibuyu cha mbegu. Mama yake baba alisikitika sana kuhusu huyo kuku mmoja. Lakini kinyungu cha bondeni, kile kishamba cha majimaji, ambacho baba alikuwa amekiacha kiwe cha vyura, mama alikigeuza kikawa bustani ambayo watu walikuja kuitazama. Wewe na mimi tumekulia kwenye matope yale. Rozimari alichemshia nyama ya mbuzi, na vijiti vyake vikavu akavichoma ndani ya banda la kuku kufukuza wadudu. Mnanaa ulikuwa wa tumbo. Kivumbasi kilining'inizwa dirishani kwa ajili ya mbu. Kotimiri ilikuwa ya kachumbari ya sikukuu. Saladi ikishapanda shina ikataka kuchanua, alilikata shina likatoa maji meupe kama maziwa, akatutilia tone kwenye uji sisi tuliokuwa hatutaki kulala. Sijui kama yalitulaza maji yale au tulikuwa tumechoka tu.

Na mrehani, unakumbuka? Bibi yake Idrisa, marehemu Bi Rukia, alikuwa akija kuuchukua wakiwa na arusi, na akaja kuuchukua wakiwa na maiti. Wale ni watu wa asili ya pwani, mrehani ni wao kwa mambo yote mawili. Mama hakuwahi kumuuliza leo ni lipi. Alimtazama usoni, akajua achume mwingi kiasi gani.

Kifo cha Babu unakikumbuka vizuri, mimi nilikuwa mdogo. Asubuhi moja alitafuna jani la chikoria kabla ya chai kama kawaida yake, akasema ni kama anatafuna maji. Akachuma lingine, likawa vilevile. Akaegemeza jembe lake ukutani, akaita watoto wake mmoja mmoja, akawaambia kwamba ulimi wake umekwisha na yeye anafuata. Alikataa chakula. Mwezi haukuisha tukamzika. Mama alikuwa kando ya kitanda siku zote zile, na nadhani hapo ndipo jambo lile lilipomwingia. Kuanzia mwaka ule, jani la kwanza la chikoria la kila msimu alilionja yeye mwenyewe, amesimama palepale kwenye tuta. Alikunja uso, akacheka, akasema yeye bado yupo. Sisi tulidhani ni mchezo wake. Dada, haukuwa mchezo.

Yaliyofuata unayajua, lakini unayajua kama tulivyokuambia sisi. Mwaka jana mwezi wa tano mama alilazwa kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alisema ni moyo. Akaandika dawa, wewe ukazitafuta huko Uyole, ukawa unazituma kwa basi, na ndani yake karatasi ya maelezo kwa herufi kubwa ili asome bila miwani. Daktari alisema mambo mawili: ale, na ameze dawa. Akiyafanya hayo, alisema, tunaweza kukaa naye miaka.

Aliruhusiwa baada ya wiki mbili. Alikula, alimeza dawa, karatasi yako aliibandika ukutani kando ya picha ya Mama Maria. Halafu Jumapili moja mwezi wa sita akasema ulimi wake umekufa. Chikoria, alisema, imekuwa maji mdomoni mwake. Kuanzia hapo uji aliugusa kwa ajili ya kutufurahisha tu, na dawa akazikataa kabisa. Uliongea naye kwa simu, ukalia, ukambembeleza. Alikujibu kwamba usihangaike, yeye ameshaona alichoona baba yake. Ulipopata ruhusa kazini na kufika, alikuwa hawezi tena kukaa. Tukamzika tarehe tisa mwezi wa saba.

Kile kikao cha baada ya mazishi nakiona mpaka leo. Baba mdogo Kalinga ndiye aliyeuliza kwa nini mtu aliyetoka hospitali akiwa na nafuu afe namna ile. Akasema vidonge vya dukani vinaua ladha, yeye mwenyewe aliwahi kumeza vya aina fulani mdomo wake ukawa kama amelamba msumari. Akauliza nani aliyeleta dawa. Watu wakakugeukia. Na wewe, kwa ukweli wako uliozidi kiasi, ukasema ni kweli, zipo dawa zinazoharibu ladha. Hakuna aliyesikia ulichosema baada ya hapo. Shangazi wakaanza kulia upya. Kuna aliyesema ungemwacha mama atumie majani yake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karibu na mlango, nimeshika kofia. Uliniangalia, dada. Uliniangalia mimi, si mwingine. Nikatazama chini. Kesho yake ukaondoka kabla hata ya kuanua matanga, na hujakanyaga hapa tena.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Nimeacha kuandika mara mbili, nikaenda kumwagilia mboga ambazo hazikuhitaji maji.

Mama alipokuwa hospitali, Idrisa aliniambia kwamba hoteli zinazopokea watalii wa Ruaha zinataka saladi ya kichwa, ile tamu, inayovunjika kama barafu. Chikoria walikuwa wanamrudishia, wageni wanaisusa kwa uchungu wake. Alikuwa anazungumza biashara tu, hana kosa lolote. Nikashuka bondeni siku ileile nikaling'oa tuta la chikoria lote. Lea alinikataza. Alisema nimngoje mama arudi nimuulize, lile si langu. Nikamjibu kwamba mbegu zimo kwenye kibuyu juu ya jiko, tutaotesha kwingine, na mama hata hataona tofauti. Ujuaji wangu unaujua. Hata mche mmoja sikuubakiza.

Nilipokuja kukimimina kibuyu, nikakuta vumbi la wadudu na mbegu chache kama za kuhesabu. Mama alikuwa ameumwa misimu miwili, hakuwa ameweka mbegu mpya, na mimi kwa misimu yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Nikazisia zile chache. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Hakikuota kitu. Nikaenda kuulizia kwa wazee wote waliowahi kufanya kazi na Babu, kila mmoja akaniambia ile mboga waliiacha zamani, watoto wao walikuwa hawaitaki. Ilikuwa imebaki kwetu tu, nami nilikuwa nimeitupia ng'ombe.

Sikumwambia mama. Njia ya bondeni ina mteremko, moyo wake ulikuwa hauwezi, kwa hiyo hakushuka kuona. Kila akiuliza habari za bustani nilimwambia iko vizuri. Kwa kweli ilikuwa vizuri, saladi za Idrisa zilikuwa zimejaa kama vichwa vya watoto darasani.

Jumapili ile Lea alikuwa misani. Mama aliamka na hamu. Akaniambia leo anataka chikoria, kwa limau na chumvi na kitunguu, kama alivyokuwa akimkatia Babu. Ungekuwepo ungefurahi, kwa muda mrefu hakuwa ameomba chakula kwa mdomo wake. Nilishuka bondeni nikasimama mbele ya matuta kama mjinga. Nikachuma majani ya nje ya saladi ya kichwa, yale ya rangi ya kijani iliyokolea, nikayakata membamba sana ili asitambue umbo. Nikatia limau nyingi. Nikampelekea.

Alitafuna. Akaacha kutafuna, akaniuliza kama yametoka kwenye tuta lake. Nikasema ndiyo. Akatia mengine mdomoni, akayaweka upande huu, akayaweka upande ule, amefumba macho. Akaniuliza kama mimi nausikia uchungu wake. Dada, hapo bado palikuwa na nafasi. Ningesema mama nisamehe, nimeng'oa tuta lako. Angenigombeza, angenitukana labda, angekula ugali na maharage akiwa na hasira, na hasira ingemweka hai. Badala yake nikachota majani kwa vidole vyangu, nikatafuna mbele yake, nikakunja uso. Nikakunja uso kama mtu aliyetiwa mwarobaini mdomoni. Nikamwambia ni chungu kuliko ya mwaka juzi.

Aliutazama uso wangu kwa muda mrefu. Aliuamini. Akaisogeza sahani polepole, akajifuta mdomo kwa kitenge, akasema basi ni hivyo. Hakulia. Mchana akaniomba nimwitie Padre.

Nilikuwa na siku ishirini na tatu za kumwambia kweli. Kila siku nilisema kesho. Mwanzoni niliogopa kugombezwa, kisha niliogopa kwamba nikimwambia hataniamini, atadhani namdanganya ili ale. Siku za mwisho niliogopa kwamba ataniamini. Na kwenye kikao, baba mdogo alipotaja dawa, nitakuambia nilichohisi ili usibaki na picha nzuri ya mdogo wako: nilihisi nafuu. Nilihisi mtu amenitua mzigo kichwani. Mzigo huo alitwishwa nani, hilo nililiona baadaye, ulipokuwa unafunga begi lako na hakuna aliyekusaidia.

Juzi Jumapili nilikwenda kwa baba mdogo Kalinga nikamwambia yote, kuanzia tuta mpaka uso. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kwa nini nisiache mambo yalivyo, yameshapoa. Nilimjibu kuwa yamepoa hapa, Uyole hayajapoa. Akakasirika, si kwa ajili ya mama tu bali kwa sababu yeye ndiye aliyesema maneno yale mbele za watu, na sasa itambidi ayameze. Lakini amekubali. Baada ya misa ya mwaka wa mama, tarehe kumi na mbili mwezi ujao, atawaita walewale waliokaa siku ile, na shangazi wote. Nitasimama. Nitasema kama nilivyoandika humu, bila kupunguza. Lea tayari anajua; siku zile yeye aliamini mbegu za kibuyuni zilikuwa zimeota. Nilipomwambia aliweka mwiko chini, akasema alijua kuna kitu, maana tangu mama afe sijala saladi. Hajanisemesha sana tangu hapo.

Sikuombi uje. Ukija, hutaulizwa neno. Usipokuja, nitakuelewa, nami nitayasema vilevile. Msamaha nao sikuombi kwa barua, si kitu cha kutumwa na gari la mboga.

Nina jambo moja tu limebaki, na hili hata baba mdogo sijamwambia, nimeona ulisikie wewe kwanza. Jumamosi, siku moja kabla ya ile sahani, mama aliniagiza nimtolee chini ya kitanda vile viatu vyeusi ulivyomnunulia Krismasi, ambavyo miguu yake ilikuwa imevikataa tangu mwezi wa pili. Nikamwambia atajiumiza. Akanifukuza nimwachie nafasi. Akavivaa mwenyewe, mguu mmoja na mwingine, akafunga na kamba. Vilimwenea. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena, akaniambia nikupigie nikuambie kwamba uvimbe umekwisha na dawa zako ni nzuri. Nikasema nitakupigia. Kesho yake ikawa Jumapili, na sikukupigia.

Dawa zako zilikuwa zinamponya, dada. Rudi kazini.

Msalimie shemeji Gwakisa, umwambie nimemjibu swali lake. Mbusu Happy kwa niaba ya mjomba wake. Lea anakutumia salamu za peke yake, amesema zisichanganywe na zangu. Mungu akutunze na baridi ya huko.

Mdogo wako,
Ambrosi